Jina la Leso

Oda ililetwa na vijana wawili wa suti nyeusi,
mtaa wa Biashara, saa nne, duka ndiyo kwanza lafagiwa:
doti elfu kumi,
pindo la rangi za bendera,
sura yake katikati ya mji,
na jina, limeshachapwa kwenye karatasi yenye muhuri:
MAMA NI TAA YA TAIFA.
Bwana Jethalal akavua miwani, akahesabu rangi.
Mimi nikaiangalia ile sura.

Mejumaa. Mejumaa wa Kuze,
aliyekuwa akiniazima wanja na kunirudishia kijiti,
mkunga wa zamu ya usiku, viatu vya raba, mdomo haufungi,
aliyezalisha kwa kupapasa
miaka ile umeme ukikatika na taa ya chemli haina mafuta.
Watoto wote aliowapokea kwa mikono yake
hapana aliyemwita Mama.
Leo ameitwa na nchi nzima, na mikono imevishwa glavu.

Mwezi uliopita alikuja kukata utepe.
Wadi mpya ya wazazi, rangi yanuka bado,
jiwe ukutani: *Limefunguliwa na Mke wa Mheshimiwa Rais.*
Jina lake halimo.
Mkasi juu ya sinia. Hotuba kaandika mtu mwingine.
Akaupita mkasi, akaipita hotuba,
akavuta shuka jeupe la kitanda cha kwanza.
Hapana godoro. Chuma.
Cha pili, chuma.
Cha tatu hakukigusa. Akaketi
na gauni lake la hariri juu ya zile springi,
akaketi kama mgonjwa angojaye kuitwa.
Waziri akacheka, kisha akaacha kucheka.
Mkurugenzi akajifuta shingo kwa ratiba.
Robo saa hakusema neno, na kamera zamtazama.

Magodoro arubaini yalifika kabla ya Ijumaa.
Na usiku ule Ikulu, wasema walio karibu na ukuta,
taa ya juu haikuzimwa,
na sauti iliyosikika ilikuwa moja tu,
nayo haikuwa ya mwanamke.

Ndipo ikaja oda. Mtu akitaka kukunyamazisha
mara nyingine hukupamba.

Simu ikalia usiku, nambari imefichwa.
"Shoga, ungali kwa Jethalal?"
Sauti ile ile, ila imepigwa pasi.
Hakuuliza za elfu kumi.
"Nichapie doti moja. Sura usitie. Mji uwache mweupe."
"Na jina?"
Nikasikia mlango wafungwa nyuma yake.
Kisha akalitaja, polepole,
nami karatasi sina, nikaliandika kiganjani kwa wanja.

Zile elfu kumi ziligawiwa uwanja wa Tononoka.
Moja nimeiona Mwembe Tayari yafunika sufuria ya mbaazi,
nyingine imebeba mtoto, jicho moja la Mejumaa limekunjwa mbelekoni.
Majengo kuna aliyeipasua winda.
Sikuona uchungu. Mwenyewe angefanya vivyo hivyo,
tena angeanza na ile taa ya taifa.

Ile moja niliipeleka kwa miguu yangu hadi lango la Ikulu.
Askari akaikunjua, akakagua pindo zote nne,
akainua juani kama anayetafuta sindano.
Mji mweupe. Chini, herufi nyeusi:
GODORO MNALIONA, CHUMA NAKIJUA MIMI.
Akasoma. Akasoma tena.
"Hii maana yake nini, mama?"

"Kamuulize mkeo."