Kinachokunywa Usiku

Asubuhi ya tatu mfululizo nazungusha ufunguo
na gari linajibu: tk.
Tk, kama mtu anayekataa kwa ulimi.
Saa kumi na moja, Igombe, viroba vya dagaa vimejaa nyuma,
soko la Kirumba halimngoji mtu,
nami nawabembeleza vijana wa mwaloni wanisukume
kwa elfu mbili na matusi ya bure.

Nilinunua betri mpya Nyakato. Ikafa.
Nikasugua vichwa vya nyaya, ile kutu nyeupe,
kwa maji ya moto na magadi. Ikafa.
Dainamo ikapimwa: inachaji, kumi na nne na ushei.
Mchana gari zima. Usiku linavuja,
na chini hakuna tone.

Mafuru, fundi umeme wa Mabatini, aliniuliza kwanza:
"Likikesha linakunywa, au likitembea?"
Likikesha.
"Basi betri haina kosa, mama. Humu kuna kitu hakilali."

Alifungua mlango, akabana kitasa kwa bisibisi
ili gari lidhani limefungwa.
Akachomoa waya wa hasi,
akaiweka mita katikati, kati ya waya na betri,
umeme wote upite kwake kwanza, uhesabiwe.
Kisha akakaa juu ya jiwe.
Mwanza huwezi kukosa jiwe la kukalia.
"Tunangoja nini?"
"Lisinzie."

Dakika ishirini. Tulikula mihogo ya kukaanga.
Namba zilishuka, zikashuka, zikagoma:
nukta nne moja.
"Ingekuwa nukta sifuri tatu ningekuaga uende zako.
Huyu ni mlevi."

Fyuzi moja moja.
Taa za breki: palepale. Honi: palepale.
Redio nilishaihukumu moyoni tangu juzi; palepale.
Ya kumi na moja, ile isiyoandikwa kitu kwenye kifuniko,
alipoing'oa
namba ilianguka
kama mtoto aliyelia hadi usingizi ukamkata katikati ya neno.

Akaingia chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje,
akafuata waya kwa vidole
hadi kwenye utepe mweusi, mpya kuliko gari lenyewe.
Kiboksi. Ukubwa wa kibiriti.
Kitaa cha kijani, kinapepesa.
"Hiki kinamwambia mtu gari liko wapi.
Na aliyekifunga alikuwa na haraka.
Kimeishikilia relei, relei imeliweka nusu ya gari macho."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Sawa. Mimi nilikuwa nakagua nguo za jirani.

Pasaka, shemeji yangu Sospeter aliliazima siku mbili,
akalirudisha limeoshwa, linang'aa.
Sospeter, ambaye hajawahi kuosha hata sahani.
Kama alitumwa au alijituma, Mafuru hana mita ya kupimia hilo.

"Nikivunje?"
"Usikivunje. Kina akiba?"
"Ya saa chache."

Nilimlipa elfu ishirini, sikusubiri chenji.
Feri ya Nansio ilikuwa inapakia.
Nikakisokomeza kwenye gunia la vitunguu la mtu nisiyemjua,
nikasimama kwenye magugu-maji
nikijitazama ninavyoondoka.

Baba watoto yuko mgodini Geita. Hupiga simu Jumapili.
Ilikuwa Jumanne.
"Uko wapi?"
"Kirumba. Nauza."
"Mbona hapa..."
Akanyamaza.
Kimya kirefu, na ndani yake nilimsikia
anang'oa fyuzi moja moja, anatafuta ya kusema.
"Hapa wapi?" nikamuuliza.
Mtandao, akasema. Mtandao mbaya.

Nilikuwa katikati ya ziwa, natembea juu ya maji,
nanuka vitunguu.

Kesho yake, saa kumi na moja, nikazungusha ufunguo.
Gari liliwaka mara moja, kama limelala usiku kucha.
Mimi ndiye sikulala.