Manjano ya Barke

Ghorofa ya tatu, Tudor, ambako bomba
hukohoa Jumanne na kunyamaza hadi Jumamosi,
watu wanaikimbia chumvi.
Maji ya kisima hayaivishi maharagwe,
sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya machozi.
Mimi naipandisha chumvi kwa ngazi,
ndoo ya kilo ishirini, ya ng'ambo, ina risiti.
Mama Chausiku wa mlango wa pili huniuliza
kama pwani imehama.

Haikuhama. Iko mwisho wa barabara,
na ninajua mvua ikinyesha huingia nini humo,
na mabomba ya choo ya nani yanaishia wapi.
Sitayanywesha matumbawe yangu maji hayo.
Basi nanunua kwa Mwaringa mitungi minne ya maji matamu,
nayatia chumvi ya risiti, nakoroga kwa mwiko wa wali,
usiku kucha yanazunguka ndani ya pipa.
Asubuhi ni bahari.

Kila Ijumaa, kabla sijaoga, napima.
Kichupa cha kioo, maji hadi kwenye mstari.
Tone la kwanza, la pili (mkono usitetemeke),
la nane. Funika. Tikisa. Ngoja dakika tano.
Halafu ile kadi: manjano, salama;
kijani, kuna kinachooza.

Hapo ndipo elimu yangu hukoma.
Mato haya, kama Barke anavyoyaita kwa Kimvita chake,
hayakupewa kijani.
Nilizaliwa hivyo. Taa za barabarani nazijua kwa kimo:
ya juu simama, ya chini nenda.
Kichupa hakina juu wala chini.

Miaka sita Barke alinisomea.
Hakutaja nambari hata siku moja.
Alisema "bizari ya jana," alisema "ganda la ndimu,"
na mara moja, mwezi ule tulipopoteza kila kitu,
alisema "mchicha," kisha akakaa chini.
Sasa yuko Maskati, mwaka wa pili, analea watoto wa watu.
Namtumia picha ya kichupa juu ya karatasi nyeupe.
Hunijibu wakishalala:
"Manjano. Lakini simu yako nayo
ina manjano yake. Sikuapii."

Ijumaa hii picha haikwenda.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikachoka.
Mwaringa alikuwa mlangoni, mtungi kila mkono,
jasho likining'inia kidevuni.
Njoo uone, nikamwambia.
Akakiinua kichupa dirishani kama anayekagua yai.
"Hii? Ndizi. Ile ya kungoja kesho kutwa."
Ya manjano, au ya kijani?
"Shingo bado kijani. Tumbo limeanza."

Nikavua saa, nikazamisha mkono hadi kwapani
nyuma ya jiwe kubwa, nikapapasa.
Kome. Mmoja tu, mlegevu ndani ya nyumba yake,
na uvundo uliomfikia Mama Chausiku kabla yangu;
nikamsikia akifunga dirisha kwa kishindo.
Tukabadilisha maji: Mwaringa akimimina,
mimi nikifyonza mpira, nikimeza mafunda
ya bahari niliyoilipia mwenyewe.

Hakutaka nyongeza. Alichuchumaa mbele ya kioo
akauliza, "Haya mekundu yanakula nini?"
Mekundu yapi?
"Haya. Hapa pote."
Niliyanunua yakiwa kahawia.
Miaka minane nayalisha kahawia.

Saa tano usiku mtandao ukarudi.
Nikamwandikia: Barke, kumbe ni mekundu?
Akakaa. Akaandika, akafuta, akaandika:
"Ulishayapenda hivyo hivyo.
Enhe, leo yamesomaje?"
Ndizi, nikajibu.
"Ndizi gani?"