Jumla ya Mkia

Mwalimu Nsajigwa hakuanza na kompyuta.
Alichora ubaoni nyoka mwenye madoa,
akamkata kwa chaki: hiki kichwa, huu mkia.
"Kichwa ni kimoja. Mkia ni orodha nzima
iliyopungukiwa kimoja. Mengine mtayaona."
Chini yetu, dukani, mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno
na vumbi la chuma likapanda hadi kwenye madaftari.

Nilirudi Tandale na nyoka wangu.

Shangazi Sikudhani anauza unga na mafuta ya kupima.
Daftari lake la madeni lina jalada la twiga
lililoungwa kwa gundi ya fundi viatu.
Nikasema: na huyu nyoka.
Usiku, kwenye kompyuta ya kuazima isiyo na roho ya betri,
nikaandika: jumla ya orodha
ni kichwa, ongeza jumla ya mkia.

Basi. Mstari mmoja. Nikacheka peke yangu.
Kanuni inajiita yenyewe:
ji, herufi mbili tu, zilezile
za kujiuliza, kujidai, kujiponza.

Nikabonyeza.
Ikajiita, ikajiita, ikajiita,
kama kumtuma mtoto amtume mwenzake,
naye amtume mwenzake,
na hakuna aliyeambiwa kinachonunuliwa.
Feni ikalia, kioo kikanitupia maneno mekundu:
nafasi imekwisha.

"Daftari likiwa tupu, unadai ngapi?"
aliuliza Shangazi. Alikuwa anafunga vifuko vya nusu kilo,
wala hakugeuka.
Sifuri.
"Sasa hilo nalo la kukesha?"

Nikaliandika juu kabisa, kabla ya yote:
jumla ya orodha tupu ni sifuri.
Umeme ukakatika palepale,
ikabidi niwe mashine mwenyewe, kwa kidole, kwa mshumaa.
Pazi, elfu mbili. Ngoja hapo.
Fundi Chambuso, elfu tano. Ngoja.
Mama Havijawa, mia nane. Nawe ngoja.
Kisha karatasi nyeupe. Sifuri.
Na hapo, kwenye pasipo na kitu,
ndipo jibu lilipogeuka kuanza kurudi:
mia nane,
elfu tano na mia nane,
elfu saba na mia nane,
kila aliyengojeshwa akiamshwa kwa zamu yake.
Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.
Darasa la tano niliimeza methali hii nipate maksi mbili.

"Si sahihi," alisema Shangazi asubuhi.
Nikahesabu tena mbele yake.
"Hesabu nzuri. Jibu ndilo si sahihi.
Chambuso tulimzika mwezi wa Rajabu.
Wenye msiba walisimama pale kaburini
wakauliza, nani anamdai marehemu?
Nikasema mimi, na nimesamehe.
Unga, mafuta, na ile sabuni ambayo sikuiandika."

Jumamosi tukafundishwa chuja.
Neno la jikoni; sikuhitaji tafsiri.
Kila mmoja anafika kwenye chujio na kuulizwa swali moja,
ndiyo apite, hapana abaki.
Nikaandika: wapite wasiosamehewa.
Elfu mbili na mia nane.

"Hiyo ndiyo," alisema Shangazi.
Akapima robo ya mafuta, akamimina, akafuta mdomo wa chupa.
"Na Chambuso umemfuta?"

Hapana, Shangazi.
Mwalimu alilirudia hili mpaka chaki ikavunjika:
chuja haifuti. Inazaa orodha nyingine,
ile ya kwanza inabaki ilivyoandikwa.
Nikamfunulia daftari.
Yupo, mstari wa pili,
kati ya Pazi na Mama Havijawa,
elfu tano, wino wa kijani, mwandiko wake mwenyewe.

Alikaa na ukurasa ule kitambo.
Kisha akauliza kama nimeshakula.