Cheti Kiliniita Baraka

Karani wa shule ya Tudor hakunyanyua macho.
"Friji nitakuonyesha. Kwanza cheti cha bima."
Nikampa kurasa ishirini na tatu,
kona zimelainika kwa mafuta ya kompresa.
Akazipima mkononi kama mnunuzi wa ng'onda,
akanirudishia.
"Huu ni mkataba. Nataka cheti.
Ukurasa mmoja. Rudi nao kesho."

Miaka kumi na moja nafufua friji za mji huu:
za mabucha, za wauza juisi wa Mwembe Tayari,
moja iliyozima usiku wa kuamkia harusi, keki ndani.
Sikuwahi kuulizwa ila bei,
na kama nitakuja leo, au leo ya mafundi.

Nyanje, wakala wangu, ana ofisi ya upana wa kitanda
juu ya Barabara ya Digo.
Printa ikakohoa mara mbili, ikatema cheti.
Nikakikunja niondoke.
"Kaa. Karatasi usiyoisoma ni pepeo tu."

Akaweka kalamu kwenye tarehe.
Kuanzia. Hadi.
"Hapa katikati ndipo unapoishi.
Nje ya hapa wewe ni mtu mwenye mtungi wa gesi na dua."
Akaishusha: milioni moja kwa tukio.
"Si zako. Ni za mtu utakayemuunguzia jiko.
Ukiungua mkono wako, hiyo bima nyingine, nayo hujalipia."
Nikacheka. Hakucheka.
"Kazi: ukarabati wa friji. Kiyoyozi hakimo."

Nami juzi nilining'inia orofa ya tatu, Ganjoni,
nikifunga kiyoyozi cha daktari wa meno,
upepo umenijaa ndani ya shati,
na chini yangu watu wanapita, wanapita.

Ndipo nikaona jina.
BARAKA SHEE.
"Mimi ni Mbarak."
Nyanje akavua miwani, akaivaa tena.
Miezi saba nimelipa kwa simu, sikukosa hata mmoja,
na miezi saba aliyekingwa ni Baraka,
mtu asiye na spana, asiye na mke Mishomoroni,
asiyejua gesi ikivuja hunuka vipi.

Nikamkumbuka Fumo, aliyenifundisha kulehemu shaba.
Jiko la mkahawa lilipowaka, cheti alikuwa nacho,
ukutani, ndani ya fremu yenye kioo.
Tukikipangusa vumbi kila Ijumaa.
Hakuna aliyepangusa akafika kwenye tarehe.
Aliuza mashine, akauza kiwanja cha Mtongwe.
Sasa anauza barafu za vifuko,
za friji asiyonipa niitengeneze.

Nyanje akapiga simu Nairobi.
"Ni herufi tu," akawaambia.
Kisha, taratibu: "Hapana. Si herufi tu."

Kipya kilitoka saa tisa na robo,
kina joto kama mkate wa mofa.
Nikakisoma kwa sauti, naye ananisikiliza
kama maalimu anayengoja nikosee.
Jina. Kazi, sasa na viyoyozi, kwa nyongeza iliyoniuma.
Kiwango. Kuanzia. Hadi.
Na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi:
cheti hiki ni uthibitisho, hakibadilishi masharti ya mkataba.
"Maana yake?"
"Hiki kivuli. Mti uko mkobani mwako."

Asubuhi karani alikitazama kwa sekunde tatu,
akapiga nakala, akafungua jiko.
Friji haikuwa na neno: plagi imelegea.
Nikaisukuma ndani. Ikanguruma.
Nikatoza nauli tu.

Usiku nikawasha taa ya jikoni, nikazitoa zile kurasa.
Ya kwanza, mstari wa kwanza:
Katika mkataba huu, neno "wewe" lina maana ya
Nikasimama hapo kwanza.