Kamera Isiyovuta

Duka la Biju liko Ruwi, nyuma ya benki,
ngazi tatu chini ya barabara, baridi kama tumbo la friji.
Lori nimeliegesha pasiporuhusiwa;
galoni mia sita za watu wa Al-Khuwair zinangoja
mimi nichague jicho.

Biju anajua Kiswahili cha bei.
"Hii nzuri, bwana Sleyum. Hii vuta mbali, mara thelathini.
Mwezi unaona mpaka mashimo yake."
Namwambia: mwezi hatudaiani.

Nataka iingie mfuko wa kanzu
bila kuivuta kanzu upande,
nisionekane nimeingia msikitini na jiwe.
Nataka kitundu cha kuchungulia.
Kioo cha nyuma, jua la saa saba linakifuta;
ukitazama unajiona mwenyewe,
ndevu, kofia, miwani,
na nyuma yako nchi nzima imekuwa nyeupe.

Ukungu siulalamikii.
Agosti, nikishuka kutoka baridi ya lori,
lenzi hutoka jasho, nikasubiri.
Mimi pia huchelewa
kabla sijaona.

"Unapiga nini?" anauliza. "Harusi?"
Napiga pampu. Napiga mpira wa maji
uliojikunja kivulini mwa ukuta,
tangi la juu ya paa,
na lile doa la kutu chini ya kiyoyozi cha nyumba ya kona,
mwaka wa tatu linashuka, sasa limefika dirishani,
na hakuna aliyelitazama ila mimi
na pengine fundi rangi, kwa hesabu zake.
Biju anafuta kaunta isiyo na vumbi.

La mama sijamwambia.

Simu yangu humpaka mama poda asiyoiomba,
humpiga pasi mashavu,
humrudisha umri ambao hata yeye alifurahi kuuacha.
Na buibui lake hulifanya shimo,
uso ukaelea juu ya shimo.
"Nani huyu?" aliniuliza siku ile.
"Na mwili wake wameupeleka wapi?"

Basi nimekuja na mtandio wake
ndani ya mfuko wa mkate.
Nimeutandaza chini ya taa ya Biju:
weusi juu ya weusi, mkunjo tumboni mwa mkunjo,
na upindo alioushona upya kwa uzi usiofanana,
mweusi unaokaribia buluu.
Tukapiga, kamera moja moja.

Ile ya mwezi: shimo.
Ile ya dhahabu, inayopendwa na mabibi harusi: shimo lenye nyota.
Ya tatu ilikuwa kabatini, ya mkono wa pili,
ngozi imechubuka pembeni, betri haimalizi siku,
riyali mia na kumi, chaja utafute mwenyewe.
Nikabonyeza. Haikusema hata "ka".
Uzi ukaonekana.

"Hiyo haivuti, bwana Sleyum,"
akasema Biju, kwa huzuni ya muuzaji mwaminifu.
"Ukitaka karibu, wewe enda karibu."

Miaka sita nampelekea mama maji.
Nasimama uani, mpira mkononi,
namwamkia kwa kushindana na pampu,
naye hujibu kutoka ndani, sijui nini,
nami husema alhamdulillahi.
Picha zake zote nimezipiga getini,
kwa vidole viwili,
nikimvuta yeye, miguu yangu imetulia.

Nimetoa mia. Kumi Biju kaziandika daftarini.

Juu, jua. Lori limebandikwa faini chini ya waipa.
Nikaipiga: karatasi nyeupe, kioo cheupe, mchana mweupe,
na kila herufi ikatoka,
hata jina langu, walilolikosea.

Kesho ni zamu ya Wadi Kabir.
Toka mlangoni hadi mkekani kwake ni hatua nne, labda tano,
sijawahi kuzihesabu.
Nitazima pampu kwanza.
Nitavua viatu.