Mguu wa Jiko

Karatasi ya manila hukunjwa kwa mgongo wa kijiko,
si kwa kucha. Kucha huja na kidole, kidole na jasho,
na jasho la Magomeni mwezi wa pili
halifutiki hata uliombe radhi.

Hayo nimejifunza kwa hasara.
Gundi ya unga wa ngano itiwe ndimu, mende wasiile.
Feni izimwe wakati wa kukata,
iwashwe wakati wa kukausha,
na LUKU ikiisha katikati
naazima ungo wa mama mwenye nyumba,
napepea.

Wateja huuliza bei, kisha hucheka.
"Elfu nne? Za Kariakoo ukizifungua zinaimba,
na ni mia saba!"
Yangu haiimbi. Nawajibu hivyo hivyo.
Wengine huipiga picha kwa simu,
wakamtumia shangazi Tabora bila senti,
mimi nikabaki na kadi
yenye alama ya dole gumba.

Nachora ninavyoviona:
kunguru juu ya waya, mdomoni kipande cha mkate
(hiyo ni hongera ya kazi mpya);
ndala mbili zisizofanana, mlangoni;
mtungi wa gesi uliovishwa shela.
Huo mtungi ndio unaonilipia kodi.
Sijui kwa nini.

Jumanne moja akaja Mhina,
mlinzi wa duka la vigae, ametoka zamu,
macho mekundu, viatu vimefutwa vumbi.
Anataka kadi ya dada yake, yuko Mbagala.
Ya sikukuu? Hapana.
Ya pole? Hajafiwa.
"Tumenuniana tu."
Tangu lini?
Akahesabu kwa vidole, vikamwishia.

Niandike nini ndani?
"Usiandike. Chora jiko letu la mkaa, la Muheza.
Lilikuwa na miguu miwili.
Wa tatu, jiwe.
Jiwe upande wa kulia."

Nilichora kwa mkaa wenyewe,
kipande nilichokiokota chini ya jiko langu.
Moto nikaukata kwenye pindo la kanga kuukuu,
jina lake limebaki herufi mbili.
Jiwe nikalipaka majani ya chai, mara tatu,
hadi likawa zito.

Akalipa elfu tatu, akaahidi moja.
Akaondoka ameishika kwa mikono miwili
kama aliyebeba bakuli la uji lililojaa.

Nikamsahau. Masika yakaingia,
karatasi zikavimba kama maandazi.
Nikatengeneza kadi sitini za mchango wa harusi;
hakuna aliyesifu maua,
wote walitazama kiwango.

Halafu, asubuhi ya matope,
mwanamke akasimama kibarazani, mwavuli unavuja.
Shingo ile ile. Kunja ya uso ile ile.
Mkononi kadi yangu, imefungwa kwenye mfuko wa sukari.
"Namba yako iko mgongoni. Wewe ndiye uliyechora?"

Nikaikagua haraka kutafuta kosa la tahajia,
nikakumbuka haina hata neno.

"Imekosewa," akasema.
"Jiwe lilikuwa kushoto.
Kulia nilichutama mimi, napuliza,
moshi wote wangu,
yeye kashika sahani anasubiri ugali.
Atakumbukaje?"

Nikanyoosha mkono: lete, nirekebishe.
Akaikumbatia kifuani, mfuko ukalia chakacha.
"Hii usiiguse. Hii nimepewa.
Nichoree nyingine, jiwe kushoto, nimpelekee aone."

Akahesabu noti juu ya meza yangu:
elfu nne, akailaza moja pembeni.
"Na hiyo ni yake. Kaniambia anadaiwa."

Nikatazama ile noti.
Nikatazama uso wake.
Hakusema zaidi, nami sikuuliza;
nikanoa mkaa.

Akavuta stuli, akakaa begani kwangu,
mwavuli unadondoka sakafuni.
"Kushoto," akasema.
"Kushoto zaidi."