Kisu cha Euro Sita

Nilikinunua gulioni Mirandela,
meza moja na soksi na mitego ya panya.
Kisu cha kukunja: mpini mwekundu, rangi ya kubambika,
bawaba ngumu, ukucha ukanivunjika kukifungua.
Makali? Kiliiparua nyanya, hakikuikata.
Zulmira akacheka: "Umenunua kuni."

Sikubisha. Mimi nilikuwa nimeutazama mpini.
Ulikuwa mnene, na kinene hupunguzika.

Kwa sababu mkono huu wa kulia una vidole vinne.
Kile cha shahada kilibaki Vilariça,
ndani ya mashine ya kubangua lozi,
msimu ule bei ilipopanda na sote tukakimbizana.
Visu vya dukani vimeumbiwa vidole vitano.
Nikivishika vinageuka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Basi jioni tatu jikoni, redio ikitangaza mpira:
tupa, msasa mkali, msasa laini,
unga wa mti ukinijaa kwenye sketi nyeusi.
Nikachimba bonde dogo, ili kidole cha kati
kipande cheo, kishike zamu ya mwenzake.
Namenya kiazi, napima. Nachonga. Kiazi kingine.
Tulikula viazi mpaka Amadeu akauliza kama kuna vita.

Bawaba niliidondoshea mafuta ya zeituni. Kosa.
Yaliganda, yakanuka. Nikaosha, nikatia ya cherehani.
Mti uliobaki uchi nikaunywesha mafuta ya kitani.
Ubapa nikaupaka siki na haradali,
ukatoka kijivu, una mawingu,
maana chuma cha bei hiyo hushika kutu ukikipa kisogo.
Halafu kinoo. Maji, kinoo, maji,
nikihesabu kama asaliye bila kuamini sana.

Kwetu mtihani wa kisu ni supu ya majani.
Unaviringisha sukuma kama sigara nene,
unakata nyuzi, si vipande.
Nilikata hewani, bila kibao,
makali yakija kwenye gumba, yakisimama hapo hapo,
kama alivyokata mama.
Nyuzi zikajiangukia sufuriani.
Zulmira hakusema kitu. Alileta bakuli.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Sijui. Nyama naila Jumapili.
Siku sita nyingine nina vitunguu, jibini kavu,
na samaki wa chumvi anayetaka kubembelezwa.

Krismasi Telmo alikuja kutoka Luxembourg
na visu sita ndani ya gogo lao,
vinang'aa kama meno ya daktari wa meno.
Naviheshimu. Navipangusa vumbi.

Juzi aliazima changu akate mkate.
Akakishika hivi, akakishika vile,
akakigeuza, kidole chake kimoja kikitafuta pa kukaa.
"Mama, hiki hakishikiki."

Nikakipokea. Kikalala mkononi bila kuuliza njia.
Nikamkatia mkate, kipande kinene, cha pembeni.